Kichaka cha Kamanthe

Kamanthe alianza kusema uongo akiwa amekwisha kuitwa nyanya, na kwa kuwa hakuwa na mazoezi ya kazi hiyo, aliifanya ovyo. Aliwaambia wanawake wenzake wa kijijini, kule bondeni chini ya Muthetheni, kwamba ana presha, na kwamba daktari amemwamuru atembee kila asubuhi kabla jua halijawa kali. Presha hakuwa nayo. Moyo wake ulikuwa mzima kama wa punda. Alichokuwa nacho ni ndege.

Unacheka? Cheka tu, hata mwanawe alicheka. Ndunda, anayefanya kazi huko Syokimau, alipoambiwa kwenye simu kwamba mama yake amejiunga na watu wa kuhesabu ndege, alicheka, kisha akauliza, "Sasa mathe, hao ndege watakupeleka wapi?" Kamanthe akamjibu kwamba hawampeleki popote, wanamkuta papo hapo alipo, na hilo ni zaidi ya anavyofanya yeye. Ndunda akabadilisha mazungumzo.

Nyuma ya shamba lake kuna kilima, na kilima hicho ni hifadhi. Si hifadhi ya kwenye kalenda, yenye simba amelala juu ya jiwe. Ina nyani wasio na adabu, ina dikidiki na nungunungu, na ina askari mmoja tu, Masila, mtu mpole anayeshinda akiwafukuza mbuzi wa jirani zake na jioni kuwaomba msamaha wenye mbuzi. Watafiti kutoka Nairobi walikuja mwaka aliozikwa Nzuki, mume wa Kamanthe. Wakaitisha mkutano kanisani, wakaeleza kwamba vilima ni vingi na wao ni wachache, kwa hiyo wanaomba wenyeji wajitolee kuwasaidia kujua ni wanyama gani waliobaki na wako wapi. Watu walipoelewa kwamba kujitolea maana yake ni kufanya kazi bure, walikumbuka ghafla kwamba wameacha vyungu motoni. Kamanthe alibaki kwenye benchi. Yeye hakuwa na chungu motoni. Nyumba ilikuwa imetokwa na mtu, na ukimya wake ulikuwa mzito kiasi kwamba angejiandikisha hata kuhesabu siafu, mradi kuwe na mahali anapongojewa.

Aliyemfundisha ni Wangechi, binti wa watu wa Murang'a, mtafiti mwenye sauti ndogo na subira kubwa. Alimpa darubini. Alimwonyesha namna ya kusimama pale pale bila kujikuna, kusikiliza kabla ya kutazama, na kutuma kwa simu kile alichokiona, bila kuongeza chumvi. Miezi ya kwanza Kamanthe alituma tetere na korongo na kanga, ndege ambao kila mtu anawajua. Halafu asubuhi moja, pale bondeni ambapo mpaka wa hifadhi unakutana na mashamba, ndani ya kichaka kikubwa cha mshomoro, ule mmea wa miiba, akasikia fujo. Ni kama kina mama wanagombania mtungi kisimani. Akanyanyua darubini.

Walikuwa ndege wa kahawia wenye mabaka meupe yaliyotapakaa ovyo, kana kwamba mtu aliyekuwa akipaka chokaa aliwakung'utia brashi. Macho mekundu. Hakuna wawili waliofanana. Wangechi alipopokea picha ambayo Kamanthe aliipiga kwa simu kupitia darubini, alipiga simu akihema. "Mama Ndunda, uko wapi? Usiondoke hapo. Hao ni zogoyogo, lakini si zogoyogo wa kawaida. Hao hawapatikani nchi nyingine yoyote, ni hapa Kenya tu, na hata hapa ni mabonde machache."

Kuanzia siku hiyo Kamanthe alikuwa na mahali pa kwenda. Nisikufiche, alikuwa amependa. Alijifunza kwamba ndege hao hawaishi peke yao hata siku moja. Wanatembea ukoo mzima, mmoja mbele mmoja nyuma, wakiitana. Mmoja akiita, wote wanajibu kwa pamoja. Mama akitaga, shangazi na wajomba wanaleta wadudu kwa zamu mpaka watoto waote manyoya. "Hawa wako na mwethya," alimwambia Wangechi, naye Wangechi akauliza mwethya ni nini. Kamanthe akamweleza: ni kikundi cha wanawake wanaolimiana. Leo shamba lako, kesho langu, na ukilala kitandani na homa watakuja wakulimie na wakuchotee maji, wala hawakuulizi. Kikundi chao kilikuwa na wanawake wa mteremko mzima, na mwenyekiti wake alikuwa Mutheu, jirani na rafiki wa Kamanthe tangu walipoolewa pale wote wawili wakiwa wasichana.

Ndege hao Kamanthe aliwapa majina. Mwenye kichwa cheupe alimwita Padri. Mwingine, anayepenya kila mahali na kujua ya kila mtu, alimpa jina la jirani mmoja ambalo sitalitaja, maana mwenyewe yuko hai.

Lakini Wangechi alimpa onyo. "Tafadhali usimwambie mtu mahali walipo. Watoto watakuja na manati. Na watu wazima ndio wabaya zaidi. Wakisikia kuna ndege adimu watasema serikali inataka kuchukua shamba, watakifyeka hicho kichaka ndege wafukuzike. Tumeona bonde jingine lilivyoisha hivyo."

Basi ndipo ilipozaliwa presha. Maana mtu anayepita bondeni kila asubuhi na kurudi hana kuni wala maji lazima aulizwe, na kijijini kwetu kuuliza ni haki ya kila mtu. Kamanthe akasema daktari, akasema kutembea, na wanawake wakatikisa vichwa kwa huruma. Mutheu ndiye aliyeumia zaidi. Alianza kumpunguzia chumvi kwenye isyo, yale mahindi na maharagwe ya mwethya, akampokonya jembe zamu zilipokuwa ngumu, na kila Jumapili akataja presha ya Mama Ndunda kwenye maombi, kwa sauti. Kamanthe alikuwa akiinamisha kichwa kwa aibu. Wenzake wakaona ni unyenyekevu.

Sasa sikiliza, kwa maana hapa ndipo mambo yalipofika shingoni. Mwaka huu iliamuliwa kwamba ile sehemu ya chini ya hifadhi, bonde lote pale, itagawiwa watu walime, isipokuwa kama itathibitishwa kwamba kuna kiumbe wa kulindwa. Neno la mjane mmoja mwenye simu halitoshi. Wataalamu lazima waje wenyewe, wasimame pale, waone kundi kwa macho yao. Wakiliona, bonde libaki. Wasipoliona, lipimwe na kukatwa vipande. Wangechi alipanga waje Jumamosi moja ya Oktoba, kabla ya mvua, wakati ndege wameanza kujenga. Kamanthe alihesabu kwamba akivuka Jumamosi hiyo anaweza hata kufa kwa amani, na kabla ya kufa atamweleza Mutheu kila kitu na kuomba radhi.

Wiki hiyo waliojitolea wa vilima vyote waliitwa Machakos mjini kwa mafunzo. Kamanthe alipanga alale kwa dada yake kule Kyumbi na kurudi Ijumaa. Kabla ya kuondoka alipita kwa Mutheu kumwachia kuku wake.

"Jumamosi niko na wageni," alisema, akitazama kando. "Watapita na mimi ile njia yangu ya bondeni."

"Wageni gani?"

Ungekuwa wewe ungejibu nini? Ukweli ulikuwa kwenye ncha ya ulimi. Mutheu hakuwa mtu wa kufyeka kichaka kwa uchoyo, Kamanthe alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Lakini aliyezoea kudanganya kuhusu jambo dogo hudanganya hata pasipo haja. "Watu wa hospitali," akasema. "Wanataka kuona vile natembea."

Mutheu aliweka chini ungo aliokuwa akipepetea mbaazi. "Ati hapo bondeni? Na hiyo misitu? Mama Ndunda, mimi hiyo njia nimeiogopa siku nyingi, vile tu sijasema. Miiba, nyoka. Siku utaanguka huko, nani atakuona? Na daktari mwenyewe akuje ateremke kwa matako kama mtoto?"

"Wachana nayo. Imenizoea."

"Sawa," alisema Mutheu, akanyamaza. Na Mutheu akinyamaza ujue anapanga kitu. Kamanthe alilijua hilo pia. Alidhani anapanga chapati za wageni.

Ijumaa mchana gari lilimshusha Muthetheni, akashuka mteremko kwa miguu, akiwa na shati jipya la waliojitolea ndani ya mkoba, na wimbo mdomoni. Kwanza aliona moshi. Oktoba kila mtu huchoma takataka za shamba akingojea mvua, hakushtuka. Halafu akasikia wanawake wanaimba, akatambua nyimbo za kazi, na akajiuliza leo ni zamu ya shamba la nani. Alipopita kona ya mwisho aliona ng'ambo ya bonde. Hakuwahi kuona ng'ambo ya bonde kutoka pale tangu aolewe.

Kichaka hakikuwapo.

Mwethya mzima ulikuwa bondeni, leso zimefungwa viunoni, nyuso zimejaa masizi, mapanga na majembe yamelala. Mshomoro wote, ule wa kwenye mashamba na ule wa ndani ya hifadhi, ulikuwa umelala chini au umerundikwa ukiungua. Katikati ilipita njia pana, imefagiwa. Penye mteremko mkali wamechonga ngazi kwa jembe. Na pale mahali hasa alipokuwa akisimama na darubini yake, chini ya mgunga, wamemtengenezea benchi la magogo mawili na ubao.

"Mama Ndunda!" Mutheu alipanda kumlaki, mikono imekwaruzwa na miiba mpaka viwiko. "Ulifikiri tutakuacha utuaibishe mbele ya daktari? Mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa sasa utatembea kama bibi arusi. Na ukichoka, ona, unakaa!"

Kamanthe alilitazama lile benchi.

Masila alikuwa pale pia, amevua koti la kazi, anatabasamu. "Mwaitu, mama yetu, mimi mwenyewe nimewapa ruhusa," alisema. "Hata wakubwa walishatuambia mshomoro ni gugu, tuung'oe. Hawa mama wamefanya kwa siku moja kazi ya mwaka." Naye alikuwa anasema kweli. Amri ya kung'oa gugu ilikuwa imebandikwa kwenye geti lake. Habari za ndege hakuwa amepewa, kwa sababu siri iliwekwa kwa Kamanthe peke yake, na Kamanthe aliitunza vizuri sana.

"Hamkuona ndege?" Kamanthe aliuliza hatimaye.

"Ndege!" Mutheu alicheka. "Wacha tu. Hao walitutukana, ai! Makelele, makelele, tukaona wanatuimbia tukawajibu. Walirudi wakarudi mpaka moshi ukawashinda. Na tumekuwekea kitu." Akaita mmoja wa wanawake alete. Kilikuwa kiota, kimewekwa kwenye kikapu juu ya majani kwa uangalifu, na mayai ndani yake. "Tuliona tusiyavunje, maskini. Labda kuku wako atalalia."

Kamanthe aliyagusa. Yalikuwa baridi kama mawe ya mtoni.

Nataka uelewe alivyokuwa amesimama pale. Kama wangefanya kwa uadui angepiga nduru, angewalaani, angeenda kwa chifu. Adui unajua pa kumshika. Lakini atamshika wapi mtu aliyechubuka mikono kwa ajili yake? Aseme nini? Kwamba wamekiua kitu pekee kilichomtoa kitandani tangu afiwe? Na akishasema hivyo aendelee kusema kwamba presha waliyoiombea kanisani haipo, haijawahi kuwapo, na kwamba hakuwaamini kwa neno moja dogo ambalo lingeokoa kila kitu? Mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye alificha uzima, na kifo kikawaendea wengine.

Akawaambia asanteni. Akaenda jikoni kuwachemshia chai, maana mwethya hauondoki bila chai, na akaitia sukari vizuri. Mutheu alikunywa kikombe chake akamwambia uso wake umekuwa wa majivu, alale mapema, presha si ya kuchezea.

Asubuhi aliwangoja Wangechi na wenzake barabarani. Alikuja Wangechi, na mzee mmoja mtaalamu wa ndege aliyeitwa Kibe. Kamanthe hakuwasalimu. "Wamefyeka," alisema. "Ni mwethya wangu. Walifikiri ni mimi wananisaidia." Na kabla hajaulizwa akayamwaga yote, presha, wageni wa hospitali, benchi, mayai.

Wangechi alifunika mdomo kwa mkono. "Ni mimi nilikwambia usiseme," alisema.

"Ulisema nisiseme kwa watu. Mutheu si watu. Mutheu ni Mutheu."

Walishuka bondeni kwenye njia ile safi, wakishuka ngazi zile moja moja, na Kibe, ambaye hakuwa na nia ya kumuumiza mtu, akasema ni njia nzuri. Wakasimama. Kazi ya kusikiliza ni hiyo hiyo, kichaka kiwepo kisiwepo: unasimama, unanyamaza, unangoja. Majivu yalikuwa bado yanafuka. Tetere alilia juu kilimani. Kunguru wawili walikuwa wanapekua kwenye marundo, na Kamanthe hakutaka kujua wanapekua nini.

Halafu ikasikika sauti. Wote watatu waligeuka. Zogoyogo mmoja alikuwa ameshuka kwenye kisiki, mbawa zimejaa masizi. Kamanthe alimjua. Ni yule aliyekuwa akija nyuma kabisa ya msafara, ambaye alikuwa hajampa jina. Aliita, akanyamaza, kichwa upande, akingoja wajibu. Akaita tena. Akangoja. Aliruka hadi kisiki kingine, akaita kutoka huko, labda alidhani hapa ndipo hasikiki.

"Mmoja," Wangechi alinong'ona. Machozi yalikuwa yanamtiririka lakini mkono wake ulikuwa umeshika darubini sawasawa. "Kuna mmoja, mzee Kibe."

Kibe alivua kofia. "Mmoja si kundi, Wangechi. Huyu hawezi hata kujenga kiota. Nikisema hapa kuna ndege wa kulindwa nitakuwa nadanganya."

"Usidanganye," alisema Kamanthe. "Uongo wa hapa umetosha. Wacha wagawe."

Ndege aliendelea kuita. Wangeweza kusimama pale wakimsikiliza mpaka jioni, kama si nyimbo. Ziliteremka kutoka kwenye mashamba, vigelegele kwanza, kisha kitikio, na mwethya ukatokea juu ya ngazi, wote wamevaa sare zao za kwaya, wamejipaka mafuta, Mutheu mbele amebeba chapati kichwani. Yule ndege aliruka. Alipita juu ya vichwa vyao kuelekea upande wa juu wa kilima, ambako hakuna maji wala kichaka, na Kamanthe akamsindikiza kwa macho mpaka akawa hayupo.

"Daktari, karibu sana!" Mutheu alimshika Wangechi mikono yote miwili. "Sisi ndio watu wake. Hebu tuambie ukweli, umeonaje? Sasa si anaweza kutembea vizuri?"

Wangechi alimtazama Kamanthe juu ya bega la Mutheu. Kamanthe alitikisa kichwa kidogo, kumwomba asiwaambie.

"Ndiyo, mama," Wangechi alisema. "Njia ni nzuri. Mmefanya kazi kubwa."

Vigelegele vilipigwa bonde likavuma. Walimzunguka Kamanthe, wakamvuta katikati, na kwa kuwa mtu anayechezewa hasimami kama nguzo, akaanza kusogeza miguu juu ya ardhi ile iliyoungua, vumbi la majivu likimpanda magotini. Alicheza akilia, analia kwa sauti, mdomo wazi, vile ambavyo hakuwahi kulia hata siku ya kumzika Nzuki. Wanawake walipomwona wakaongeza kuimba.

Mutheu alimkumbatia katikati ya ngoma, akamfuta machozi kwa pindo la leso, kwa mikono ile iliyochanwa na miiba. "Nyamaza, Mama Ndunda," alimwambia sikioni. "Hata wewe ungetufanyia hivyo hivyo."

Na kweli angewafanyia. Kamanthe akashika kiuno cha rafiki yake ili asianguke, akaitikia wimbo.